Sentimita Kumi za Mama Mdogo

Mama Mdogo ana waya mmoja ambao hakuna mtu mwingine pale chuoni anayeruhusiwa kuukunjua. Ni waya mwembamba wa chuma, nao hukaa umezungushiwa kipande cha ubao ndani ya kabati la stoo, kati ya nyavu za mpira wa wavu na madumu ya rangi. Juu yake amefunga vifundo vya uzi. Uzi wa bluu ni duara la katikati ya uwanja wa mpira. Uzi mweupe ni eneo la penalti. Uzi mwekundu, ulio mbali kuliko zote, ni kona za kiwanja cha riadha. Anachomeka kigingi mahali pake, anavuta waya mpaka unalia, anazunguka akikwaruza ardhi kwa msumari, na kona inatokea, nzuri kama mdomo wa chungu.

Watu wa idara ya michezo humwita Bi Uzi. Mimi namwita Mama Mdogo kwa kuwa ni mdogo wake mama, na kwa miaka yangu yote minne ya masomo nililala chumba cha nyuma nyumbani kwake, pamoja na mifuko ya mbegu za nyasi. Aliajiriwa kuosha vyumba vya kubadilishia nguo. Leo ni miaka kumi na tisa tangu aanze kutunza viwanja, na akipita mahali popote penye nyasi, hata ua wa hospitali, lazima ainame azishike.

Mwaka huu chuo chetu kilichaguliwa kuwa mwenyeji wa mashindano ya vyuo vikuu. Hebu fikiria! Vyuo kumi na viwili vitakimbia juu ya nyasi alizozipanda Mama Mdogo kwa mikono yake, kipande baada ya kipande! Habari zilipofika, alicheza na fagio ndani ya stoo huku akicheka, akidhani yuko peke yake. Dereva wa mashine ya kukatia nyasi alimwona dirishani, na mpaka leo hajaacha kumwigiza. Dereva huyo tunamwita Rubani, kwa sababu ya miwani yake mikubwa na kwa sababu hakati kona bila kulaza kichwa.

Kikaoni, mkurugenzi wa michezo alipendekeza waitwe wapimaji kutoka nje waje kupiga mistari. Mama Mdogo akasimama.

"Mkurugenzi, kwa heshima zote, mistari ile nimeipiga miaka kumi na tisa. Niachieni na hii. Mkaguzi wa mashindano akiikataa, nitakukabidhi waya wangu mkononi, na kazi ya mistari muwape hao wapimaji mpaka nitakapostaafu."

"Mkaguzi akiikataa, mashindano yatahamishiwa chuo kingine," mkurugenzi alisema. "Barua yake imeandika wazi."

"Ndiyo maana haikataliwi."

Jioni alitusimulia nyumbani. Baba Mdogo, mume wake, ambaye ni seremala, alitikisa kichwa. "Mke wangu," akasema, "mdomo wako huo siku moja utaniletea kesi."

Siku moja kabla ya ukaguzi nilimpelekea chakula cha mchana, nami nikakuta mistari yote saba imekamilika, njia sita za kukimbilia zikimeta kwenye jua. Yeye, Rubani na kocha wa riadha walikuwa wamezunguka kiwanja na tepu ndefu ya chuma, wakipima njia ya kwanza kama barua ya mkaguzi ilivyoelekeza. Walifanya hivyo kwa raha tu, kama mtu anayehesabu zawadi alizokwisha kupewa. Mzunguko ulitakiwa uwe mita mia nne kamili.

Kocha akasoma tepu. Akaisoma tena.

"Bi Uzi."

"Naam."

"Mia tatu tisini na tisa."

"Soma vizuri, baba. Umeishika kichwa chini miguu juu."

"Mia tatu tisini na tisa, na sentimita thelathini na saba."

Wakapima upya. Jibu likawa lile lile. Zilipungua sentimita sitini na tatu, pungufu ya hatua moja ya mtu mzima.

"Afadhali," alisema Rubani, "wakimbiaji wetu watapumzika mapema." Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Mama Mdogo aliunyoosha waya wake ardhini akaulinganisha na tepu. Uzi mwekundu ulikuwa pale pale ulipo siku zote, mita thelathini na sita na nusu. Waya haukuwa umevutika wala kupinda. Akapindua ndoo ya chokaa, akaikalia, akaanza kuisoma barua ya mkaguzi mstari kwa mstari kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Penye ukingo, pima sentimita thelathini kutoka ukingoni," alisoma kwa sauti. "Pasipo na ukingo, pima sentimita ishirini kutoka kwenye mstari." Akainua uso. "Ukingo. Mungu wangu, ukingo!"

Tangu zamani kiwanja kile kilikuwa na ukingo wa mbao upande wa ndani, uliopandishwa kimo cha vidole vitatu. Mkimbiaji huogopa kujikwaa kwenye ubao, kwa hiyo hukaa mbali nao kidogo. Mstari wa chokaa haumkwazi mtu, kwa hiyo huusogelea zaidi, na akiusogelea safari yake inakuwa fupi. Ndiyo maana vipimo viwili vinatofautiana. Uzi mwekundu ulifungwa enzi za ukingo. Kiangazi kilichopita mchwa waliutafuna ukingo ukang'olewa, lakini uzi ulibaki mahali pake kama mtu ambaye hakupelekewa taarifa. Na mkono wa Mama Mdogo, uliozoea kuvuta mpaka kwenye uzi mwekundu na kusimama, haukuuliza swali.

"Basi tuurudishe ukingo!" Kocha aliruka. "Mbao ziko wapi?"

Mama Mdogo aliangalia pembeni. "Nyingi tulizichoma. Zilizosalia ziko nyumbani kwangu. Mume wangu amejengea banda la kuku."

Rubani alijilaza kwenye nyasi. "Jamani! Mashindano ya vyuo vikuu yanatagiwa mayai!"

Hata hivyo Mama Mdogo alipiga simu, nasi sote tukasikia, maana Baba Mdogo huongea na simu kana kwamba mwenzake yuko ng'ambo ya mto.

"Baba, zile mbao za banda..."

"Usiniambie."

"Sikuambii kitu. Ni ngapi?"

"Kumi na moja. Na kuku watatu wanaatamia."

Kumi na moja zisingefunika hata nusu ya kona moja. Akakata simu. Nilimtazama nikitarajia machozi, kumbe macho yake yalikuwa yanang'aa. Aliweka kiganja chake juu ya waya, kando ya uzi mwekundu, akakiangalia.

"Tofauti ya vipimo ni sentimita ngapi? Thelathini toa ishirini?"

"Kumi," alisema Kocha.

"Upana wa kiganja. Sasa nipigie hesabu. Nikisogeza uzi nje sentimita kumi, mzunguko mzima unaongezeka ngapi?"

Kocha aliandika kwa kalamu kwenye mkono wake mwenyewe, midomo ikicheza. Ghafla akapiga ukelele. "Sitini na mbili nukta nane! Bi Uzi, ni zile zile! Ni sitini na tatu zetu!"

Mama Mdogo aliukata uzi wa miaka kumi na tisa kwa kisu cha mfukoni, akapima kwa tepu mara tatu, akafunga fundo jipya.

"Lakini mistari yote saba itahama," Kocha alikumbuka, furaha ikimshuka. "Na vituo vya kuanzia mbio vitahama. Mkaguzi anafika kesho saa nne asubuhi."

"Sasa wewe umesimama unasubiri nini? Kahesabu vituo!"

"Na hii mistari iliyopo?"

"Chokaa ya kwenye nyasi haifutwi, inanyolewa. Rubani! Shusha kisu!"

Sijawahi kuona mashine ile ikienda vile. Rubani alivaa miwani yake akazunguka kiwanja mara saba, kichwa kimelala, vumbi jeupe likiruka nyuma yake, na mistari ikawa inayeyuka mmoja baada ya mwingine. Mama Mdogo alimfuata na mpira wa maji, akisukuma mabaki kwa ufagio mgumu. Kisha vikaja vigingi, waya na msumari. "Vuta! Legeza! Vuta, nimesema, huyu si ng'ombe mgonjwa!" Jua lilipozama kiwanja kilikuwa cha kijani kitupu, na kwenye ardhi kulikuwa na mikwaruzo myembamba ambayo wao tu waliweza kuiona.

Alfajiri walikuta adui mpya. Umande. Nyasi zote zilikuwa zimelowa, na chokaa ikimwagwa juu ya umande hutawanyika kama maziwa. Kusubiri jua kungekula saa mbili nzima.

"Leteni mpira wa maji," alisema Mama Mdogo, "ule mzito. Tuuburute."

Mtu mmoja alishika ncha hii, mwingine ncha ile, tukaukokota juu ya nyasi toka upande mmoja hadi mwingine, na umande ukaanguka ukatoweka kwenye udongo. Baba Mdogo naye alikuja, na nguo zake za useremala, akashika ncha bila kuulizwa.

"Nimekuja kulinda mbao zangu," alisema. "Najua mkishindwa hapa mtahamia bandani."

"Vuta, mzee wa kuku," Rubani alimjibu.

Saa moja toroli la chokaa likaanza kutembea. Mama Mdogo hakumpa mtu. Alilisukuma mwenyewe, hatua fupi fupi, macho yakiwa mbele ya gurudumu, na mistari ikaanza kurudi duniani. Wa kwanza. Wa pili. Ulipofika wa sita, gari la mkaguzi liliingia langoni, robo saa kabla ya wakati wake. Mkurugenzi alikwenda kumpokea, akamwonyesha bwawa la kuogelea, akamwonyesha ukumbi wa mazoezi, akamwonyesha hata vyoo. Aliporudi naye, toroli lilikuwa linaumaliza mstari wa saba.

Mkaguzi alikuwa mama mfupi mwenye kofia pana, na alikuja na tepu yake mwenyewe. Alichomeka vijiti vyake, akapima sentimita ishirini kutoka kwenye mstari, akazunguka. Mama Mdogo alikuwa amesimama na waya umezungushwa kwenye ubao, ameukumbatia kifuani, tayari kuukabidhi.

"Mia nne," alisema mkaguzi.

Rubani alianza kurusha kofia.

"Na sentimita mbili."

Kofia ikabaki mkononi. Mkurugenzi akasogea. "Mbili zina shida, mama?"

"Kupungua hata unywele sikubali. Kuzidi kidogo, kunaruhusiwa." Alitia saini, akafunga kalamu. "Ila napenda kujua. Mpimaji wenu ni nani, na hizi mbili amezitoa wapi?"

Mama Mdogo aliutazama waya wake. Kisha akacheka, kicheko kile kile cha siku ya fagio.

"Ni unene wa uzi, dada. Nimepima mpaka upande wa ndani wa fundo, nikachora kwa upande wa nje."

Mkaguzi aliomba kuuona waya. Aliugusa uzi mwekundu kwa ncha ya kidole, akaurudisha kwa mikono miwili. Mkurugenzi hakuunyooshea mkono.

Nilidhani yameishia hapo, lakini Mama Mdogo alimpa mumewe ubao wenye waya, akavua viatu vya mvua, akapandisha sketi kidogo, akaenda kusimama kwenye mstari wa kuanzia wa njia ya kwanza. Miaka kumi na tisa alikuwa amechora kiwanja kile na hakuwahi kukikimbia. Kocha alielewa kabla yetu, akatoa saa yake. Rubani akapiga honi ya mashine.

Alikimbia! Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, pekupeku, viwiko nje. Kwenye kona Baba Mdogo alipiga kelele, "Mstari, mama watoto, usikanyage mstari!" Na yeye hakuukanyaga, alikaa sentimita ishirini pembeni yake kana kwamba kuna mtu anampima. Mkaguzi alivua kofia ili aone vizuri. Alipovuka alama, Mama Mdogo alianguka kwenye nyasi, mikono kichwani, sote tukamzunguka tukicheka na kupiga makofi.

"Vipi, Bi Uzi?" aliuliza Kocha.

"Mia nne ni sawa kabisa," alisema akihema. "Lakini zile mbili za mwisho, jamani, nimezisikia."