Petronila na kompyuta iliyovaa kitambaa

Jumatatu, saa mbili asubuhi. Petronila Tluway anabonyeza herufi B, anakunja mikono, anageukia dirishani. Lori la ngano linateremka kutoka Mbulumbulu, linapita, vumbi linawatulia kuku na watu bila ubaguzi. Ndipo B inapojitokeza kwenye kioo, taratibu, kama bibi harusi.

"Huyu ni Bonaventura," anasema. "Nikimaliza jina lake, mahindi yake yatakuwa yamechanua."

Petronila, mama wa watoto watatu, ndiye mwendesha kompyuta pekee wa mradi mmoja wa mbegu hapa Karatu. Alizaliwa Mbulu, baba yake kibarua wa mashamba ya ngano. Taipureta alifundishwa na masista, "kwa rula, hapa kwenye vidole".

Kompyuta ya kwanza iliunguzwa na radi Machi mwaka huu wa 1988. Ikaletwa mpya, lakini programu ya vibali vya mbegu ilizoea ile ya zamani tu. Basi ile mpya ikawekewa programu nyingine ya kuifanya ijifanye marehemu, na kila agizo lazima kwanza litafsiriwe.

"Ni kama mkutano kule Soitsambu," anaeleza Lembris, dereva wa mradi. "Mzee anasema Kimasai, mimi nageuza Kiswahili, huyu dada anageuza Kiiraqw. Mzee akipiga chafya, mpaka tuitafsiri, ng'ombe wamesharudi bomani."

Lakini mkalimani huyu wa ndani ya mashine alizidi kujikokota. Mkuu wa mradi, Bwana Aikaeli, akatoa neno: vibali vya wakulima mia sita visipokuwa tayari Ijumaa hii, mashine itapakiwa kwenye Landrova iende Arusha, kazi ifanywe huko, na Petronila arudie taipureta.

"Taipureta yenyewe haina A," anasema Petronila. "Niambie, ni barua gani ya Kiswahili utaandika bila A?"

Ugonjwa ameutafuta kila mahali. Alishuku jenereta, ikabadilishiwa mafuta, wapi! Akashuku panya, akaazima paka. Paka akalala juu ya mashine, maana ina joto. Akafuta majina ya wakulima waliofariki, akidhani ndio wanaoilemea, kila mmoja akimsindikiza kwa sala. Jumanne akaipuliza kwa pampu ya baiskeli. Vumbi likatoka ndani ya mashine, likahamia kwenye kitambaa chake.

Kitambaa hicho ni cheupe, cha kufuma, chenye maua pembeni. Nyumbani kwake redio ina chake na viti vina vyao. Mashine ya ofisi angeiachaje uchi mbele ya wageni? Alikifuma kwa uzi wa sweta aliyoifumua, akaivisha siku ile ile ilipofika, akakikaza kwa vibanio vya nguo kisidondoke.

Mtu aliyepanga foleni za sabuni miaka ile ya uhaba hawezi kuvumilia uchafu. Jumatano asubuhi akakivua, akakifua, akakianika uani. Lembris akaingia kutafuta funguo, akaikuta mashine iko wazi kwa mara ya kwanza.

"Dada, hiki kitufe cha mbele mbona kimezama? Na kataa kake kamezimika. Kwenye gari ningesema choki imekwama."

"Usiguse!"

Alishagusa. Kitufe kikaruka, kataa ka kijani kakawaka. Petronila akabonyeza B, safari hii kidole kikatulia hapo hapo kama cha mgeni anayepiga kengele ya mlango. Kioo kikajaa B, mstari mzima.

Kilikuwa kitufe cha mwendo: kikizama, mashine inajikokota. Kibanio kilikizamisha siku ya kuvishwa, kitambaa kikakificha. Miezi yote hiyo mkalimani alikuwa akitafsiri huku amekabwa koo.

Alhamisi jioni vibali vyote vilikuwa mezani. Bwana Aikaeli akavitazama, akamtazama Petronila.

"Umeifanyaje?"

"Nimefua, mzee."

Ijumaa Landrova ikaenda Arusha imebeba abiria na mbuzi mmoja. Mashine ikabaki.

Petronila anaomba mwakani apelekwe kusomea kompyuta. Kwa sasa ana kazi ya mikono: anafuma kitambaa kipya, chenye tundu mbele kwa ajili ya kitufe. Lembris amemsihi aachane na vitambaa kabisa.

"Niache?" anacheka, sindano haisimami. "Mbio nazitaka. Lakini ikimbie imevaa."