Aliyeitwa Mama Mashuani

Juzi mwanangu alinuna kwa sababu nilimwita mdogo wake "Mama," nikaukumbuka ule mfereji wa Georgetown, huku Marekani, tuliopita kwa mashua nikiwa mtoto.

Mashua yetu ilivutwa kwa kamba na nyumbu wa kufugwa, waliotembea ukingoni, na harufu ya jasho lao ilichanganyika na ya matope. Rehema, binti wa mjomba, ambaye alikuwa amefika peke yake kutoka Moshi wiki ile, alikaa mbele na mama yangu. Mimi nilikaa nyuma na kapu la chapati. Tulipofungiwa kati ya milango miwili mikubwa ya mbao, pale mashua zinapoinuliwa kwa maji hadi sehemu ya juu ya mfereji, maji yaliingia kwa kishindo, mashua ikaanza kupanda. Mama akamshika Rehema mkono.

"Usiogope, Mama. Mama yangu mzuri."

"Hata mimi naogopa!" nilipiga kelele kwa Kiingereza changu, wala sikuogopa hata kidogo.

"Wewe umeshazoea," alisema bila kugeuka.

Niliamini nimepokonywa mama. Sikujua kwamba Rehema alipewa jina la bibi, mama mzazi wa mama yangu, na kwamba bibi alizikwa mama akiwa huku, hana makaratasi ya kusafiria.

Sasa mama naye hayupo, na jina lake analo binti yangu mdogo. Yote hayo nayajua. Lakini juzi mwanangu aliponuna, moyo wangu ulikuwa upande wake.