Nyasi za Sungura wa Jovita

Jovita, mke wa mwanangu Byabato, alikuwa akilisha sungura kwenye kituo cha kupima dawa za kuua wadudu wa mimea pale Ijuganyondo, mwaka wa sabini na tatu. Miaka minne ya ndoa, hana mtoto. Ukoo ukakata shauri: kahawa ikishaanikwa, arudishwe kwao Rubya. Na mimi nilikubali, sifichi.

Jovita hakulia. Akaniita Mawe, yaani mama kwa Kihaya: "Mawe, Byabato ndiye anayepulizia dawa kahawa yote ya kijiji. Bwana Rutashobya, mtaalamu wa kituo, anaijaribu dawa hiyohiyo kwa madume ya sungura. Sita wanapewa, sita hawapewi. Halafu anatazama mbegu zao kwa darubini. Ngojeni majibu."

"Mwanangu ni sungura?"

"Sungura hana mama wa kumtetea, Mawe."

Nyasi za kulalia sungura wale sita wasiopewa dawa nilipeleka mimi. Jovita aliagiza za rweya, mbuga ya nyasi kule juu isiyolimwa. Mkamwana anitume kilimani? Nyumbani sisi hutandika nyasi mpya sakafuni kila Jumamosi. Zile kuukuu, kavu na laini, nikawa nazifunga mzigo nazipeleka.

Miezi mitatu ikapita. Mchana mmoja Jovita akaja, midomo imemkauka. "Waliopewa dawa, mbegu zao zimelala, nyingine hazina mkia. Wasiopewa, vilevile. Bwana Rutashobya anasema hakuna tofauti, dawa haina kosa."

Shemeji yangu Mutembei alikuwa ameketi hapo. "Basi Jumapili afungashe."

Nikainamisha macho. Mbele yangu bomba la Byabato la kupulizia dawa limelazwa pale linapolazwa siku zote, linavuja, na nyasi za sakafuni chini yake zimelowa. Nikisema, nimekiri ukaidi wangu, na huenda nimemtia hatiani mwanangu. Nikinyamaza, Jovita anakwenda.

Ijumaa nikafika kituoni, mzigo wa nyasi zile kwapani, nikauweka juu ya meza ya Bwana Rutashobya.

"Nusa."

Akanusa. "Nani alileta hizi?"

"Mimi. Jovita aliagiza za rweya, sikumsikiliza."

"Bibi, umeniharibia kazi ya miezi mitatu."

"Anza tena. Nyasi nitakata mwenyewe."

Jumapili Mutembei akaja kuuliza mizigo iko wapi. Nikampa mundu, nikamwambia anayetaka kumfukuza mke wa watu atangulie kilimani. Hakurudi kwa wiki kadhaa.

Nilipanda hadi rweya miezi mitatu, magoti yakilia, usingizi sina. Siku ya majibu Jovita akanisogeza kwenye darubini. Macho yangu hayakuona kitu.

"Hawa wa nyasi za rweya," nikamuuliza, "mbegu zao zinakwenda?"

"Zinaogelea, Mawe."

"Na wale wa dawa?"

Akanishika mkono. "Zimelala."

Nikarudi nyumbani bila kupumzika njiani. Byabato alikuwa anakula. Nikalichukua bomba lake, nikalitupa nje.

"Mawe, kesho nina zamu."

"Huna," nikamwambia. "Na kuanzia leo mkeo hafukuzwi na mtu."