Nilimwandikia mume wangu mstari wa kunifuta

Admin, naomba usinitaje. Majina humu nimeyabadilisha. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, nipo Mwamkulu kwa mama yangu. Niliolewa na Shija akiwa hajui hata kuwasha kompyuta. Nilimfundisha PHP, lugha ya kuandikia tovuti, mwenyewe, mpaka tukatengeneza tovuti ya wafugaji nyuki wa Inyonga, yenye orodha ya mizinga na wamiliki wake. Mizinga yetu ilisomeka "Shija na Kabula". Kabula ndiyo mimi.

Mimba ya tatu ilipotoka, akaniambia nimeigeuza nyumba yake makaburi. Akanirudisha kwa mama na mabegi yangu.

Wiki mbili baadaye akaja na laptop, mwanamke wake mpya amempakia kwenye pikipiki. Bila aibu akasema, "Nikifuta Kabula, 'na' inabaki inaning'inia. Inasomeka 'Shija na'. Nirekebishie, si wewe ndiye mwalimu wangu?" Yule mwanamke akacheka.

Nilijua jibu sahihi: afute " na Kabula" tu, kwenye mizinga yetu tu. Mimi nikamwandikia hivi:

preg_replace('/ na \w+/', '', $wamiliki)

Hiyo \w+ inashika neno lolote linalofuata "na", na mstari unayafuta yote mawili. Nilitaka hata jina la huyo mwenzangu likiandikwa, liliwe. Shija hakuuliza. Akauweka mstari kwenye tovuti uwe unapita orodha nzima kila ikihifadhiwa, akahifadhi, wakaondoka.

Nisiwadanganye kwamba niliwasahau wamiliki wengine. Niliwakumbuka, nikanyamaza.

Ile orodha imejaa mume na mke, jina la mume likitangulia. Wanawake wote wakafutika. Sasa kuna bibi mmoja mjane kule Inyonga, alitupa asali ya harusi bure. Shemeji zake wamemwonyesha simu: "Jina lako liko wapi hapa? Mizinga ni ya kaka peke yake." Wamemnyang'anya yote. Akanipigia analia, "Mwanangu, wewe ndiye uliniandika. Nimekukosea nini?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata simu.

Orodha ya zamani ninayo kwenye flashi. Nikiitoa, Shija atajua nilifanya makusudi, anaweza kunipeleka polisi. Lakini hata hilo silo linalonikaba. Orodha ikirudi na mstari ukirekebishwa, ataandika jina la yule mwanamke pembeni ya lake, na litakaa.

Jumamosi bibi anatolewa hata kwenye nyumba yake. Nishaurini nyie, jamani, maana nikijiuliza mwenyewe moyo unaniambia niitupe flashi chooni.