Asubuhi Zebaki Ilipopita Mbele ya Jua

Evaristi Twagirayezu aliingia Karagwe akiwa mtoto wa kushikwa mkono, wazazi wake walipokimbia Rwanda. Kinyarwanda kilichobaki nyumbani kwao kilikuwa cha kufanyia sala na cha kugombezea watoto. Mengine yote aliyasema kwa Kinyambo, kama wenzake wa Kituntu. Alisomea ualimu, na mwaka 1978, wakati malori ya jeshi yakipita kuelekea mpakani, alianza kufundisha fizikia katika sekondari moja ya kanisa isiyo mbali na kwao.

Wanafunzi walimwita Mwalimu Sayari. Somo lolote aliloanza nalo lilimfikisha angani. Akifundisha mizani ya sokoni, mara utamsikia anaeleza jinsi jua lilivyopimwa uzito na watu ambao hawakuwahi kulikaribia, kwa kuangalia tu dunia inavyolizunguka, kwa umbali gani na kwa muda gani. "Kitu usichoweza kukibeba," aliwaambia, "kipime kwa kile kinachokizunguka."

Alimwoa Kokuberwa, binti wa mzee Rwegoshora wa Nyakasimbi. Kokuberwa alikuwa fundi cherehani, na sare nyingi za shule ile zilitoka mikononi mwake. Alikuwa na jicho moja tu zima, la kulia. La kushoto liliondoka na surua akiwa mdogo. Mzee Rwegoshora alisitasita kumwoza binti yake kwa mtu aliyekuja na wakimbizi, lakini Kokuberwa alimwambia baba yake kuwa wanaume wengine wote walikuwa wakimtazama jicho bovu wakati wa kuzungumza, na huyu hakulitazama. Mzee akakubali. Wakafunga ndoa, wakajenga kwenye kibanja cha migomba na kahawa, wakapata binti, Eustadia.

Shuleni palikuwa na darubini ndogo iliyoachwa na mwalimu mgeni aliyerudi kwao. Pamoja nayo kulikuwa na kitabu cha majedwali ya anga, na humo Evaristi alisoma kwamba mwezi Novemba 1986 sayari ya Zebaki ingepita mbele ya jua, asubuhi, na Karagwe wangeweza kuiona. Tangu siku hiyo hakukaa akatulia. Mpango wake ulikuwa rahisi. Angeielekeza darubini kwenye jua na kuacha mwanga wake uangukie kwenye karatasi nyeupe. Jua lingeonekana kama duara, na Zebaki kama nukta. Ukipima nukta na ukipima duara, unajua sayari ni ndogo kiasi gani mbele ya nyota yake. Angejaribu kwanza nyumbani, kisha abebe darubini hadi shuleni kabla tukio halijaisha, wanafunzi wapime wenyewe.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umejaa bondeni. Jua lilitoka likiwa limefifia, jekundu, mtu anaweza kulikazia macho bila kuumia. Kwenye karatasi halikuacha alama yoyote ya maana. Evaristi alingoja, akahamisha kigoda kilichobeba karatasi, akangoja tena. Mwishowe akaitoa karatasi, akaweka jicho kwenye darubini. Aliona duara la rangi ya chungwa likitetemeka, na kabla hajalitazama vizuri stendi ikalegea mguu.

Kokuberwa alikuwa amesimama karibu naye na kikombe cha chai aliyomletea.

"Mama Eustadia, njoo uangalie," alisema. "Haraka, ukungu usije ukaondoka. Mimi naushika mguu huu."

"Niangalie nini?"

"Tafuta nukta. Nyeusi, ndogo."

Akainama, akaweka jicho lake la kulia. Evaristi alichuchumaa chini akishikilia stendi, akitazama ardhi. Aliona kivuli chake mwenyewe kikitokea ghafla kwenye majani. Alikuwa hajafungua kinywa Kokuberwa aliporuka nyuma, mikono usoni, na kikombe kikavunjika.

Haikumuuma. Hilo ndilo lililowadanganya wote wawili. Alisema anaona doa la kijani, litapita. Mchana doa likawa la kijivu. Jioni alishindwa kuingiza uzi kwenye sindano, akajaribu na kujaribu, kisha akaiweka chini na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba Eustadia, katikati hakuna kitu."

Hospitalini daktari alimchunguza kwa muda mrefu. Alieleza kwamba mwanga umeunguza sehemu ya jicho inayoonea yale unayoyakazia macho. Pembezoni pangebaki na nuru. Hapakuwa na dawa. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kokuberwa aliweza kuona ukingo wa mlango na asiuone mlango. Alimwambia mumewe, "Nikikutazama usoni, haupo. Nikitazama kando, naona sikio lako." Eustadia alikuwa na miaka miwili. Sura yake haikukua tena machoni pa mama yake.

Mzee Rwegoshora alikuja kutoka Nyakasimbi kwa miguu. Evaristi akampokea uani.

"Shikamoo, baba mkwe."

Mzee hakuitikia shikamoo ile. "Nilikupa mtoto mwenye jicho moja," alisema. "Moja. Ulishindwa kulitunza?"

Evaristi aliingia shuleni siku iliyofuata, akairudisha darubini stoo, akamwomba mkuu wa shule ampe vipindi vya hesabu peke yake. Alisema fizikia imemchosha. Wanafunzi wapya waliokuja hawakujua kwa nini wakubwa wao walimwita Mwalimu Sayari, na baada ya miaka michache jina lenyewe likapotea.

Nyumbani alikuwa mume mwema, mwema kupita kiasi. Alichota maji, alipika, alifua, alimshika mkono mkewe hata pale asipohitaji kushikwa. Kokuberwa alijifunza kusuka mikeka kwa vidole, akawa anaiuza, akarudi hata kucheka na majirani. Lakini kati yao wawili ile asubuhi haikutajwa. Jua likichwea vizuri, Evaristi alikuwa anaingia ndani. Mtoto akiuliza habari ya nyota, alimwambia akamuulize mwalimu wake.

Mwaka 1994 uliwakuta hivyo. Watu kutoka Rwanda walivuka mto kwa maelfu, na kambi zikaota kwenye vilima vya Karagwe. Evaristi alikuwa na dada yake, Speciose, aliyekuwa amerudi Rwanda kuolewa. Alizunguka kambi baada ya kambi akiulizia jina lake. Hakumpata, wala hakumpata aliyemwona. Tangu hapo redio haikuzimwa nyumbani kwao. Walisikiliza kila taarifa, kila tangazo, hata yasiyowahusu.

Ndivyo ilivyotokea kwamba mwaka uliofuata, alasiri moja ya mwezi Oktoba, Kokuberwa alikuwa uani akisuka mkeka, redio pembeni, na mtangazaji akasema wataalamu wawili wa Uswisi wamegundua sayari inayozunguka nyota nyingine, nyota kama jua letu. Mwaka wa sayari hiyo, alisema, ni siku nne tu, na uzito wake angalau nusu ya ule wa Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote zinazozunguka jua letu. Akaongeza kuwa hakuna mtu aliyeiona.

Evaristi alikuwa akianika kahawa. Alisikia. Aliendelea kutandaza buni.

"Baba Eustadia," Kokuberwa aliita. "Wamepimaje uzito wa kitu ambacho hawajakiona?"

"Sijui."

"Unajua."

Mkewe akauweka mkeka kando, akasimama, akamnyooshea mikono yote miwili. "Nifundishe. Mimi ndiye nakuomba."

Evaristi alifuta mikono yake kwenye suruali, akamshika. Hakuwa amefundisha mambo hayo kwa miaka tisa. Alimwambia washikane imara na wazunguke, kila mmoja akijivuta nyuma kidogo. Wakazunguka pale uani, yeye mrefu na mzito, Kokuberwa mwembamba. Jirani yao Joviana, aliyekuwa akipita na mzigo wa majani, alisimama akawashangaa.

"Nani amezunguka zaidi?" Evaristi aliuliza.

"Mimi. Wewe umesimama."

"Sikusimama. Nimesogea kidogo. Nilikuwa nazunguka kiduara kidogo na wewe kikubwa. Nyota nayo ni hivyo. Sayari haionekani, lakini nyota inayumba. Wamepima kuyumba kwake. Uzito wa nyota wanaukadiria kwa mwanga wake na rangi yake, wakiulinganisha na jua letu. Ukijua uzito wa nyota, na inayumba kwa kasi gani, na kwa siku ngapi, unapata uzito wa anayeivuta."

"Na watajuaje inayumba, nayo iko mbali hivyo?"

Hapo alifikiri. "Lori la kahawa likija barabarani, wewe unajua linakuja au limepita?"

"Najua. Likija sauti huwa nyembamba. Likipita tu, inazama, inakuwa nzito."

"Mwanga nao una nyembamba na nzito yake. Nyota ikija kwetu, mwanga unabadilika kidogo sana. Ikirudi nyuma, unabadilika upande wa pili. Wao wana vyombo vya kusikia badiliko hilo."

Kokuberwa alicheka kwa furaha. "Kumbe hata mimi ningeweza," alisema. Kisha akauliza, "Kwa nini amesema angalau?"

"Kwa sababu hawajui njia yake imelalia upande gani ukiitazama kutoka huku. Huenda ni nzito zaidi ya hapo."

"Na ukubwa wake?"

Evaristi aliachia mikono yake. "Ukubwa hawajui. Uzito peke yake hauwezi kukuambia. Wanahitaji siku moja ipite mbele ya nyota yake, izibe mwanga kidogo. Kwa kiasi kilichozibwa..."

Hakumaliza. Redio ilikuwa imehamia kwenye bei za mazao.

"Kama ile yetu," Kokuberwa alisema.

"Kama ile yetu."

"Hujawahi kuniuliza niliona nini."

"Mama Eustadia, tafadhali."

"Niliiona, Evaristi." Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu wakiwa wachumba. "Kabla ya mwanga. Kulikuwa na nukta, nyeusi tii, ya mviringo kabisa. Niliitazama hadi nikaridhika. Nilikuwa naanza kukuambia."

Evaristi alikaa chini, pale pale kwenye mkeka wa kahawa. "Mbona hukusema?"

"Hukuuliza. Ulilichukua jicho langu ukalifanya msiba wako. Kila nikitaka kuongea, nakukuta unalia ndani ya moyo wako, basi nanyamaza nisikuongezee. Miaka yote hii nimekaa na kitu nilichokiona, sina wa kumsimulia."

Alilia, na safari hii mkewe alimwacha alie. Alipotulia aliuliza kwa sauti ya mwanafunzi, "Ilikuwa na ukubwa gani?"

Kokuberwa alifikiri. "Chukulia sahani ya wali. Weka punje ya ulezi. Hivyo."

Evaristi aliinuka, akaenda jikoni, akachukua sahani na punje ya ulezi, akatoa rula ya shule. Alipima, akagawanya kichwani. Ilikuwa sawa, au karibu sana na ilivyoandikwa katika vitabu. Alirudi uani na sahani, akaiweka mikononi mwa mkewe.

Mwaka uliofuata alirudi kwenye fizikia. Siku ya somo la sayari alimpeleka Kokuberwa darasani, naye akawasimulia wanafunzi alichokiona, na akawaambia pia kilichompata, ili asitokee mwingine wa kuweka jicho kwenye darubini iliyoelekea jua, hata kuwe na ukungu mzito namna gani. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama anajuta. Alisema ndiyo, anajuta. Angependa kumwona binti yake alivyokua. Hakupamba jibu lake. Evaristi alikuwa amesimama kando ya ubao, akasikia, hakutoka nje.

Waliishi vizuri kwa muda usiotosha. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 1997 zilikata barabara na kujaza madimbwi, malaria ikaingia kila nyumba. Kokuberwa alishikwa na homa kali mwezi Januari. Walimbeba kwa machela kwa sababu gari halikuweza kupita, na alifariki kabla hawajafika hospitalini, njiani, mvua ikinyesha juu ya blanketi. Alizikwa kibanjani, katikati ya migomba. Mzee Rwegoshora alikuwa ameshatangulia. Katekista wa kanisa lao, Athanasi, aliongoza sala, na Evaristi alipoombwa aseme neno alitikisa kichwa.

Eustadia alikuwa ameanza sekondari ya bweni. Alipofunga shule mwezi wa sita alimkuta baba yake jikoni, amekonda, amepika ndizi na maharage sufuria nzima, chakula cha kutosha watu wengi, kwani bado hakujua kupika kidogo. Alimsalimu, akapakua. Wakala, mahali pa mama pakiwa wazi. Kilichobaki wakakifunika kwa majani ya mgomba, wakampelekea jirani yao Joviana.