Siku nilipobeba jeneza linalovuja Rumonge, nikiwa mlinzi wa ziwa

Wakuu, amani kwenu nyote.

Mimi ni mzee wa miaka themanini na ushee, naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Haya niliyaona kwa macho yangu na kuyabeba kwa bega langu. Nikitia chumvi, waliobaki wa Rumonge waje wanisute humu humu.

Ilikuwa muda mfupi baada ya uhuru wa Burundi. Nilikuwa kijana, nimepata kazi ya mlinzi wa uvuvi. Usisikie "kazi" ukadhani nilikuwa na ofisi! Nilipewa kofia ya serikali, filimbi na amri moja: wavu ambao vidole viwili havipiti kwenye jicho lake, kamata.

Adui alikuwa kokoro. Kwa wasiolijua, ni wavu mrefu wa kukokota mpaka ufukweni. Hili letu lilishonewa kitambaa cha chandarua kwa nyuma, linazoa hata samaki aliyezaliwa jana. Lilikuwa linavutwa kwenye maji mafupi, kule wanakokulia watoto wa mukeke, samaki anayelisha mji wetu. Mukeke wakaanza kuadimika, na wavuvi wa halali wakaanza kulia.

Mji mzima ulijua ni la Mzee Idi. Kulitia mkononi ndiyo ilikuwa shughuli.

Bosi wangu, agronomu wa komini, yaani bwana shamba wetu, akachoka na visingizio vyangu. Akanipa mpaka Ijumaa:

"Weye, mpaka vendredi. Hiyo wavu ikikosa kuonekana, kofia ya Leta unarudisha, unaenda kulima mihogo."

Wakuu, ile kofia niliipenda! Mama yangu, mjane, alikuwa anapita sokoni kifua mbele kwa sababu yake. Kuirudisha ilikuwa ni kumvua yeye nguo.

Alhamisi asubuhi nikapata fununu: kokoro limevutwa sasa hivi, litapelekwa Gatete kufichwa kwenye michikichi. Njia ni moja. Nikasimama hapo, nikapekua magunia, vikapu vya dagaa tunaowaita ndagala, hata godoro la bibi mmoja aliyenitukana matusi ambayo sijayasikia tena mpaka leo.

Hakuna kitu.

Mara likatokea jeneza. Mbele Mzee Idi, nyuma mkwewe, na jamaa zao wawili. Wakasema mgeni kutoka Uvira amefia kwao, wamemwosha wenyewe, wameazima jeneza la msikiti, lile la wazi la kufunikwa shuka, wanakwenda kumzika Gatete.

Nikavua kofia. Nani anapekua maiti?

Sasa sikilizeni walipokosea. Walichagua mgeni wakidhani hatakuwa na watu. Sisi Waswahili wa Rumonge, maiti wa mgeni ndiye anayegombaniwa! Hana ndugu, basi ndugu zake ni sisi sote. Fundi akaacha cherehani, muuza mawese akaacha madebe yake, kila mmoja anataka thawabu za bega.

"Wafiwa mupumuzike! Mutupatie na siye!"

Mzee Idi aling'ang'ania ule mti wa jeneza, wakambandua kwa upole kabisa, huku wakimpa pole. Kufumba na kufumbua jeneza limegeuzwa, halielekei tena Gatete. Linakwenda msikitini kusaliwa!

Zamu yangu ikafika. Nikatia bega.

Maji yakanitiririka shingoni.

Nikawaza kokoro. Lakini maiti aliyeoshwa naye si huvuja? Harufu ya samaki ilikuwepo, ila Rumonge nzima inanuka samaki, hata mimi mwenyewe nilikuwa nanuka. Nikisema tufunue na tukamkuta marehemu kweli, nimekwisha, na mama hapiti tena sokoni. Nikinyamaza, kesho ni Ijumaa.

Hapo kitu kikaangukia mkononi mwangu. Kisamaki! Kidogo kama ukucha, jicho bado linang'aa. Nikafumba kiganja. Bado niliogopa, wakuu, sitawadanganya. Labda kilinasa kwenye nguo ya mtu.

Tukafika. Sheikh akaja mbele, mtu mpole sana. Kwetu imamu akimsalia mwanamume husimama usawa wa kichwa, na mwanamke usawa wa kiuno. Kwa hiyo akauliza kama anavyouliza siku zote:

"Maiti yetu iko mwanaume ao mwanamuke?"

"Mwanaume," akajibu Mzee Idi.

"Mwanamuke," akajibu mkwewe.

Kwa mpigo mmoja!

Nikafumbua kiganja: "Sheikh, hii imeanguka toka kwa marehemu."

Sheikh akainua shuka kidogo. Kokoro! Limeviringishwa vizuri, limejaa watoto wa mukeke wasiohesabika. Mkwe akachomoka mbio. Mzee Idi akakaa chini akafunika uso. Mimi nikapuliza filimbi bila sababu yoyote, furaha tu!

Kuna waliocheka mpaka wakalia, na kuna waliokunja mashati wampige mzee. Sheikh akawazuia.

"Tulitoka nyumbani kwa kuzika," akasema, "basi tuzike hii wavu. Mutu tumuache."

Tukalibeba kokoro mpaka ufukweni, Mzee Idi akachimba shimo mwenyewe, tukalifukia. Agronomu alifika amechelewa, amekuja na kiberiti alichome, akakuta tuta bichi kama la kaburi. Akanitazama, akacheka. "Kofia, ubaki nayo."

Ningeishia hapo, lakini kuna mwaka 72. Ya mwaka ule siyaelezi humu. Niseme tu kwamba watu walikuwa wanauawa, nikajikuta ufukweni na mama, hatuna chombo, na aliyekuwa anavusha watu kwenda ng'ambo ya ziwa ni Mzee Idi, kwa mtumbwi wake wa ndagala, siku hizo akivua kihalali. Akaniona. Nikajua leo ndiyo leo.

"Mama apande kwanza," akasema. "Na weye panda. Ulizika wavu yangu, haukunizika miye."

Ndiyo maana mpaka leo nikisikia operesheni za uvuvi haramu nasema: nyavu zikamatwe zote, hata moja isipone. Ila mwenye wavu aachiwe mlango wa kurudi kwa watu. Hujui nani atakuvusha.

Haya, mlio Kigoma, Uvira na Rumonge yenyewe, makokoro siku hizi yanafichwa wapi? Nawasoma.