Sikio la Kushoto la Guka

Nilirudi Othaya kumzika guka, na kitu cha kwanza kilichonipokea nyumbani kilikuwa uongo. Ulitoka kwenye kipaza sauti. "Marehemu alikuwa mtu msikivu sana," akasema mwalimu mkuu mstaafu, huku akijipangusa macho makavu kwa kitambaa. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikasaga meno. Ungekuwa umekaa nami kwenye benchi lile ungeyasikia.

Guka, ndivyo tulivyomwita babu, hakuwa msikivu hata kidogo. Sikio la kushoto alilipoteza Burma kwenye vita vya Wazungu, mzinga ulipolipuka karibu naye. Aliporudi akawa mwalimu, hatimaye mwalimu mkuu, na kila mtoto aliyempitia mikononi alijua: ukitaka kuongea naye, njoo kulia. Hata nyumbani, nduma zikitoka jikoni zikifuka moshi, tuligombania kukaa kulia kwake. Aliyekaa kushoto angeomba chumvi mpaka koo likauke. "Ongea kama mtu amekula," alikuwa akituambia, kisha anacheka peke yake.

Nikiwa mtoto, asubuhi nilimbebea vitabu mpaka shuleni. Uhuru ulikuwa bado mpya, baridi ya mlima inauma vidole, na koti lake la jeshi linanuka moshi wa kuni. Nilitembea kulia kwake nikipiga domo njia nzima, naye akinijibu kila neno.

Sasa huyu wa kipaza sauti alikuwa msaidizi wake pale shuleni, na kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi wake. Habari za sikio alizijua vizuri sana. Siku mkaguzi alipokuja kutoka Nyeri, yeye ndiye aliyembebea kiti, akakiweka kushoto kwa guka. Mimi nilikuwa darasa la nne, nimeketi mbele. Mkaguzi akauliza swali. Guka akaendelea kuandika ubaoni. Akauliza tena, kwa hasira. Guka akapangusa ubao. Nikainua mkono, nikaanza kusema kwamba mwalimu hasikii upande huo.

"Wewe, keti chini," msaidizi akaniambia kwa upole. Alikuwa akitabasamu.

Muhula uliofuata guka alikuwa shambani akichuma kahawa, ati ni mjeuri na amezeeka, na kiti chake ofisini kimekaliwa na kijana huyo. Guka hakumtaja tena. Mimi ndiye niliyemchukia kwa niaba yake, na sijachoka.

Lakini kengele ya shule ilimuumiza. Ilisikika mpaka kwetu, na kila ikilia alikuwa anasimama, anatafuta koti. Cucu, mkewe, aliliona hilo mapema. Tangu hapo kila asubuhi alikigeuza kigoda cha guka pale uani, sikio bovu lielekee shule, ndipo akamletea uji. Guka akaunywa kwa amani.

Hotuba ilipokwisha, mwalimu mkuu akaliendea jeneza, akainama amuage marehemu huku watu wakiona. Alisimama kushoto. Cucu akainuka.

"Zunguka," akamwambia.

"Unasema nini, mama?"

"Hapo hasikii, na wewe unajua. Zunguka huku kulia, umwambie vile ulifanya."

Kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi. Wanafunzi wa zamani, sasa wenye mvi, wakainamisha macho. Yule mzee alisimama pale, kofia mkononi. Hakuzunguka. Akarudi akaketi, na wakati wa kuondoka aliponinyooshea mkono, niliuacha hewani.

Asubuhi iliyofuata baridi ilikuwa ileile, na moshi wa kuni uleule. Koti tulikuwa tumemzika nalo. Cucu akatoka jikoni na bakuli la uji, akakigeuza kigoda, halafu akakumbuka. Akabaki amelishika bakuli.

Nikakikalia mimi. Kengele ikalia, nikaisikia yote kwa masikio mawili.